Salamu za shukrani kutoka Uyole, Mbeya

Ndugu, jamaa na marafiki, kijana wetu ameruhusiwa Jumatatu. Aliyezaliwa wiki ya 28 akiwa na gramu 1,080 ameingia nyumbani na kilo 2 na ushee. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru ninyi mliochanga na kukesha kwa maombi.

Mlichangia safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya upasuaji. Upasuaji haukufanyika, kwa hiyo ni haki yenu kuelezwa.

Wengi mliambiwa mtoto ana tundu kwenye moyo. Si tundu. Ni mshipa mfupi unaounganisha mishipa miwili mikubwa inayotoka kwenye moyo: unaopeleka damu mwilini na unaoipeleka mapafuni. Tumboni mtoto hapumui mwenyewe, hivyo damu hukatiza hapo bila kupita mapafuni. Kwa mtoto aliyezaliwa ametimiza miezi tisa, mshipa hujifunga ndani ya siku mbili tatu. Kwa njiti mara nyingi hubaki wazi, na damu hufurika mapafuni. Ndiyo maana wetu alihema mbavu zikibonyea, na kila alipopunguziwa oksijeni hali ilibadilika. Mama yake hakukosea kitu, wala hakuna aliyemroga mtu. Waliosema hayo tumewasamehe. Tunaomba yaishie hapo.

Baada ya kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), daktari alisema tuanze na dawa. Ni ibuprofeni, ile ile ya maumivu, ila kwa kipimo cha uzito wake, mara moja kila saa 24, kwa siku tatu. Inapunguza kemikali ya mwili inayouweka mshipa wazi. Lakini inaweza kuelemea figo, kwa hiyo manesi walipima kila pampasi kwenye mzani mdogo na kuandika gramu za mkojo. Baada ya dozi ya pili pampasi zikawa nyepesi. Dawa ikasitishwa, akahamishiwa parasetamoli kila baada ya saa sita. Siku ile nesi wa zamu ya usiku aliponyanyua pampasi iliyojaa na kutuonyesha kupitia kioo, bibi yake alipiga magoti pale pale koridoni. Eko ya mwisho ilionyesha mshipa umefungwa.

(Jamani, msimpe kichanga parasetamoli ya dukani kwa sababu mmesoma hapa. Yetu ilipimwa na daktari, chini ya uangalizi usiku na mchana.)

Shukrani za pekee kwa madaktari na manesi wa wodi ya njiti. Kwa wakwe zetu wa Tukuyu, ndaga fijo: kwa wiki tisa mama hakukosa uji wala chai ya moto kwenye baridi ile. Kwa wanakwaya, wanakikoba, na vijana wa bodaboda waliompeleka na kumrudisha usiku bila kudai nauli. Na kwa shangazi, aliyempokea mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, pale mama alipozidiwa na uchovu.

Zilipatikana shilingi 3,460,000. Matibabu na gharama za kukaa hospitali vilichukua 1,570,000. Kamati inaomba ridhaa yenu ili 1,890,000 zilizobaki ziwasaidie akina mama wawili tuliowaacha wodini. Asiyeridhia amwambie mweka hazina kabla ya Jumapili. Mchango wake utarudishwa.

Ibada ya shukrani ni Jumamosi ijayo saa 8 mchana, hapa nyumbani. Mtoto mtamwona, ila bado habebwi na wageni, na mwenye mafua tunamwomba amsalimie akiwa nje.