YAH: CHEREHANI YENU INAYOTOA VITANZI, NA FUNDI WENU ALIYENIITA MKONO MBOVU

Morogoro, 14 Januari 2025

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Habari za kazi. Masharti ya waranti mnayajua kuliko mimi, maana mliyaandika wenyewe, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Tarehe 23 Desemba, kwenye kaunta yenu, watu sita wakiwa nyuma yangu, fundi wenu alichukua kipande changu cha majaribio, akakigeuza upande wa chini uliojaa vitanzi, akakiinua juu kama anayenadi mtumba, akasema: “Mama, cherehani haina shida. Mkono ndio mbovu.” Watu wakacheka.

Mkono huo unashona tangu 1994, kwa cherehani ya miguu ya marehemu mama yangu.

Hiyo ilikuwa mara ya pili kuileta. Mara ya kwanza, tarehe 9, nilimweleza kwamba nimezungusha kinobu cha kukaza uzi wa juu kutoka 4 mpaka 9 na vitanzi vimebaki vilevile. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi VETA, mwezi wake wa kwanza tu, angejua hapo hapo kwamba uzi haubanwi na visahani vyake. Fundi wenu hakuvitazama. Alichomoa kikasha cha bobini akakaza skrubu yake. Yaani uzi wa juu ndio umelegea, yeye anakaza wa chini! Nilipofika nyumbani vitanzi vilikuwa virefu zaidi. Aliikaza tena ile tarehe 23, kwa bisibisi isiyoienea, mpaka kichwa cha skrubu kikasagika. Sasa nikiushika uzi na kukining'iniza kikasha, hakishuki hata nikikitikisa, wakati kinatakiwa kishuke kidogo, na skrubu hailegezeki tena.

Tatizo lenyewe aliliona mzee anayeshonea barazani hapa mtaani kwetu. Aliinua mguu unaokandamiza kitambaa ili visahani viachane, akapitisha ukingo wa kitambaa katikati yake, kikatoka kipande cha uzi mweupe kilichojisokota, na kwa kipande hicho visahani vilikuwa havifungi. Dakika kumi, na malipo yake soda.

Uzi mweupe! Tangu niinunue tarehe 30 Novemba nimeshonea sketi za shule tu, kwa uzi wa bluu. Mashati sishoni, watu wananunua tayari. Basi ama mliijaribu kiwandani mkaacha uchafu wenu ndani, ama mliniuzia mbuzi kwenye gunia, cherehani iliyokwishatumika, kwa bei ya mpya. Mtachagua wenyewe la kujibu.

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu hapo ndipo pananikosesha usingizi. Alikiinua kile kitambaa juu, akasema mkono ndio mbovu, na binti wenu wa kwenye keshia akacheka mpaka akaziba mdomo kwa risiti yangu. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa amenishika mkono, huo huo mbovu. Nikalipa shilingi 20,000 ya “matengenezo” ndani ya waranti, na kwa aibu nikasema asante. Nilisema asante, Meneja.

Sketi kumi na nne zilipaswa kuwa tayari kabla shule hazijafunguliwa. Nilimaliza tano. Mwenye oda alikuja kuchukua vitambaa vyake akavipeleka kwingine, na simlaumu.

Nilipoanza kuandika nilitaka tu mnirudishie 20,000 na mnipe kikasha kipya cha bobini. Lakini kila nikiukumbuka ule uzi mweupe naona hiyo ni sadaka. Nataka cherehani mpya, ifunguliwe boksi mbele yangu na ijaribiwe mbele yangu. Kama hamna, nirudishiwe fedha zangu zote pamoja na ufundi wa sketi tisa. Na fundi huyo aniombe radhi kwenye kaunta ile ile, kuwe na foleni.

Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Ya nane nitakuwa Tume ya Ushindani na stakabadhi zenu zote mbili, na ile ya matengenezo ina saini ya fundi wenu.

Nimeubandika uzi huo hapa chini kwa selotepu mjionee. Ni nusu yake. Nusu nyingine ninayo mimi.

Mteja wenu,
mwenye mkono mbovu