Msiwahamishe Usiku Mmoja Watoto wa Stendi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu watoto wanaolala stendi na sokoni hapa Mtwara mjini. Msimu wa korosho ukifunguka, mwezi wa Oktoba, huwa wanaongezeka. Wengine hutoka Newala, Tandahimba na Masasi kufuata vibarua, na minada ikiisha hawarudi kwao. Hapo ndipo maneno huanza: walipewa nguo, wakapelekwa kituo cha kulelea watoto, wakatoroka, basi hao wameshazoea mtaa.

Mimi ni mama lishe, na watoto hao ndio wateja wangu wa ukoko na mchuzi. Kutaka kutoka mtaani wanataka. Wanaogopa, na woga wao una hesabu. Mtoto anayebeba mizigo ya abiria wa mabasi ya Dar ana kona yake, na aliipata kwa ngumi. Akiipa kisogo siku chache tu, ina mwenyewe mwingine. Ana wenzake wanaolala naye mgongo kwa mgongo. Ana vijisenti alivyoweka kwa mtu anayemwamini. "Mama, nikienda huko nikashindwa, nikirudi nitaanzia wapi?" aliniuliza mmoja. Mtumishi wa serikali akihamishwa Lindi kwenda Kigoma hulipwa posho ya kujikimu, na bado hununa mwezi mzima.

Sasa angalia tunavyowahamisha hao wadogo. Mji ukitarajia wageni wakubwa, wanazolewa usiku kwa gari. Kunakucha mtoto yuko asikokujua, kanyolewa, nguo zake zimetupwa, mlango umetiwa kufuli kwa nje. Aliyekimbia kipigo cha baba wa kambo akisikia kufuli hilo atawaza nini? Kisha anaketishwa darasa la pili na vitoto vya miaka minane, wakati yeye ana ndevu zinachungulia. Elimu bila ada iliyoanza 2016 iliondoa karo, aibu haikuiondoa. MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, uliwekwa kwa ajili ya watoto kama hawa, lakini ni wachache wanaoelekezwa huko.

Na sisi watu wa Kusini hatuna udhuru, maana kumvusha mtoto kutoka hali moja hadi nyingine ni kazi tunayoijua. Kijana wa jando huingia kambini na rika lake, haendi peke yake. Yuko mtu mzima wa kumtazama, yuko nyakanga, mkuu wa jando, anayejua kila hatua, na nyumbani wanajua atatoka lini, ngoma na nguo mpya zinamsubiri. Sitetei kila kinachofanyika huko, yapo ya kuachwa. Ila mpangilio ule una akili kuliko gari la usiku.

Afisa ustawi wa jamii aje stendi siku ileile kila wiki, akae, ajulikane kwa jina. Mtoto apelekwe kituoni mchana, aone kitanda na choo, jioni arudishwe akawasimulie wenzake. Akikubali, aende na rafiki yake. Akiba yake iandikwe mbele yake. Na kabla ya kumrudisha kijijini, mtu aende kwanza na mtendaji wa kijiji kujua alikimbia nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Sheria hiyohiyo imeipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake.

Taratibu hii haimfai mtoto aliye hatarini usiku huu, hasa wasichana, ambao stendi huwaoni kwa sababu hudakwa mapema na kuingizwa vilabuni na majumbani mwa watu. Huyo piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Ninachoomba kwa halmashauri ni afisa mmoja wa kudumu hapa stendi kuanzia Septemba, kabla msimu haujamwaga wengine. Ofisi asitafute. Benchi langu lipo, na baada ya saa nane mchana wateja huwa wameshapungua.

Mama lishe,
Stendi ya mabasi, Mtwara