Utani na nyimbo za makambi ya mkonge virekodiwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotuhusu sisi tuliozaliwa katika makambi ya mkonge mkoani Tanga.

Yanapotajwa mashamba haya, husikika habari za Mjerumani Richard Hindorf aliyeleta miche mwaka 1893, bei ya singa (nyuzi za mkonge), na utaifishaji wa mwaka 1967. Hayo yamo vitabuni. Yasiyomo ni maisha ya kambini, ambako Wabena, Wangoni, Waha, Warundi na Wamakonde kutoka Msumbiji, walioitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa, walikaa ukuta kwa ukuta wakazoeana kwa Kiswahili, kwa ngoma na kwa utani. Nikiwa mtoto nilishuhudia msiba wa mkata mkonge ambaye ndugu zake wote walikuwa mbali: watani ndio waliochimba kaburi, kisha mmoja wao akavaa kofia ya marehemu, akaigiza alivyokuwa akihesabu majani na kufunga matita huku akinung'unika, mpaka mjane mwenyewe akacheka.

Babu aliacha kipande chake ndani ya kopo la chai, kadi ya siku 30 za kazi ambazo ilibidi zitimie ndipo alipwe. Kadi hiyo ninayo. Wimbo aliouimba bibi akianika singa, ninakumbuka kiitikio tu.

Wapo wasemao kwamba makambi yalikuwa mahali pa dhuluma, hayafai kuenziwa. Dhuluma ilikuwapo, na nyimbo zenyewe zilimsema nyapara pale ambapo hakuna aliyethubutu kumsema usoni. Tukiziacha zipotee, tutakuwa tumepoteza ushahidi wa wanyonge wenyewe.

Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika, ambao unataka jamii husika zishirikishwe katika kuutambua urithi huo. Kwa hiyo naziomba halmashauri za Korogwe na Muheza ziwatume maafisa utamaduni makambini wakiwa na vinasa sauti, wakae na wazee kwa ridhaa yao, bila haraka, na nakala zibaki kwa familia na katika shule za jirani. Katika kambi niliyozaliwa wamebaki wazee watatu wanaozijua nyimbo hizo kwa ukamilifu, na mkubwa wao sasa anazungumza kwa shida.

Msomaji wako,
Korogwe, Tanga