Lile ulilolicheka kwenye simu

Tukuyu, Rungwe

Mwanangu Ambakisye,

Ugonile. Sisi wazima. Ng'ombe amezaa jike.

Jumapili nilinyamaza kwa sababu mama yako alikuwa amekaa pembeni. Ulisimulia mnavyowapokea mahabusu wakishuka kwenye karandinga, mnawavua na kuwarusha kichurachura uchi mbele ya wenzao, ukacheka. Mimi sikucheka. Mahabusu hata hukumu hajasomewa, Amba.

Daftari lako la chuo cha Magereza Kiwira liko hapa, mama yako analifunikia ndoo ya unga. Juzi nilivaa miwani nikalisoma. Mwandiko wako mzuri, sijui kama niliwahi kukwambia. Umeandika Katiba, ibara ya 13(6)(e): marufuku mtu kuteswa au kupewa adhabu ya kumdhalilisha. Chini yake Kanuni za Mandela za mwaka 2015, zile za Umoja wa Mataifa za kuwatunza wafungwa, zote 122, na ile ya 52 umeipigia mstari kwa kalamu nyekundu: kumvua mtu ni pale tu isipowezekana vingine, tena faraghani, na anayempekua awe wa jinsia yake. Mstari huo ulimpigia nani?

Utasema ni amri ya mkubwa. Amri naijua. Enzi zangu za mgambo tulimkamata kijana wa watu kwa wizi wa baiskeli, tukampigisha magoti kwenye kokoto mpaka jua likageuka. Akakiri. Baiskeli ikaja kuonekana kwa mtu mwingine kabisa. Fimbo sikuishika mimi. Kokoto ndiyo nilizimwaga. Tunakutana naye sokoni, hunisalimia vizuri tu. Anachechemea. Huenda ni uzee.

Usimvue mtu mbele za watu. Wakikulazimisha, andika kwenye kitabu cha zamu: tarehe, saa, na nani kaamuru. Siku Tume ya Haki za Binadamu ikija kukagua, hicho kitabu ndicho kitakachokutetea, si huyo mkubwa. Na usicheke. Kucheka ndiko kulikoninyima usingizi.

Hela ya mbolea ilifika, ahsante, viazi vimepata. Bati la jikoni linavuja palepale ulipopiga msumari ovyo. Ukija likizo uje na misumari ya bati, ya hapa ni mibovu.

Mama yako nimemwambia atafute mfuniko mwingine. Daftari nimempa kondakta wa basi la kesho alfajiri, nimelifunga kwenye mfuko wa sukari. Kalisubiri stendi mwenyewe, usimtume mtu.

Baba yako