Neno moja lililokausha slabu

Mwanza,
Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa Mashaka,

Salamu nyingi zikufikie huko Dar es Salaam, nami natumaini kwamba u mzima wa afya na masomo yanakwenda vizuri. Sisi huku hatujambo. Mama nilimwona Alhamisi pale Mwaloni akinunua dagaa, akaniagiza nikwambie kwamba Kulwa amerudi kutoka Ukerewe. Ukimya wa miezi minne ni kosa langu na ninakuomba radhi. Sikuwa na moyo wa kuandika mpaka niwe tayari kukueleza jambo hili lote.

Unajua kwamba nilipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye ujenzi wa jengo moja la ghorofa upande wa Ilemela. Katika wiki ya tatu tulimwaga zege la slabu, yaani sakafu ya ghorofa, siku ya Ijumaa, na mhandisi, aliyekuwa na safari, akaniachia kitabu cha masharti ya kiufundi ili niwasomee mafundi sehemu inayohusu utunzaji wa zege. Sentensi ilikuwa fupi: uso wa zege "shall" kuwekwa katika hali ya unyevu kwa siku zisizopungua 7. Mashaka, wewe na mimi tulifundishwa tangu kidato cha kwanza kwamba neno hilo ni alama ya wakati ujao, basi nikatafsiri hivyo hivyo, kwamba zege litamwagiliwa maji. Fundi mkuu akaniuliza, "Litamwagiliwa, au ni lazima limwagiliwe?" Nikamjibu kwamba kitabu kinaeleza utaratibu tu. Jumamosi wakamwagilia mara moja, Jumapili hakuna aliyekuja, na jua la mchana pamoja na upepo wa ziwa vikafanya kazi yao. Jumatatu asubuhi uso wa slabu ulikuwa na nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja.

Zege halikauki likawa gumu kama tofali la udongo. Linakuwa gumu kwa sababu saruji inaungana na maji, na maji yakitoroka mapema kazi hiyo hukatika njiani. Hilo nilikuwa ninalijua, na niliwahi kulijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Vile vipande vya mchemraba vya milimita 150 vya zege lilelile, vya kupimia uimara wake, vilivyokuwa vimelala ndani ya pipa la maji, vilifaulu kipimo cha siku ya 28, lakini slabu yenyewe haikulala kwenye pipa, na kila nikikumbuka hilo sipati amani, ingawa nyufa zilizibwa na mhandisi alinisamehe.

Baadaye alinikalisha chini akanieleza kwamba katika maandishi ya kihandisi neno lile halina habari ya wakati ujao hata kidogo. Maana yake ni lazima, na asiyetimiza amevunja masharti. "Should" ni pendekezo, na "may" ni ruhusa. Maneno matatu ambayo darasani tuliyapitia kwa dakika kumi, tena kwenye somo la sarufi, ndiyo yanayobeba mkataba mzima. Nililiwaza Daraja la Kigongo–Busisi, lile la takriban kilometa 3 tulilokwenda kulitazama pamoja wakati watu bado wanavuka kwa kivuko: Wachina walijenga, Watanzania walisimamia, na Kiingereza cha makaratasi hakikuwa lugha ya mama ya upande wowote. Watu wa namna hiyo hawawezi kuelewana ikiwa neno la lazima linasomwa kama utabiri.

Tangu siku hiyo naona kwamba maneno marefu hayajawahi kuwa adui yetu, kwa kuwa tukikutana nayo tunafungua kamusi. Yanayotuangusha ni yale mafupi tunayodhani tunayajua. "Yield" kwa mkulima ni mavuno, lakini kwenye nondo ni kiwango cha mkazo ambacho ukikivuka, nondo hairudi tena urefu wake wa awali. Momenti, "moment" ya Kiingereza, kwetu si kitambo cha muda. Ni kani mara umbali wake kutoka kwenye egemeo. Darasa la sita tulijifunza wenzo, egemeo na jitihada kwa Kiswahili, tukavielewa hata tukang'oa jiwe kwa mtaimbo nyuma ya shule. Kisha kidato cha kwanza tukaanza upya kwa Kiingereza kana kwamba hatukuwahi kushika mtaimbo. Ninaamini kwa dhati kwamba hapo ndipo tulipopoteza kitu, kwa sababu yule fundi, asiyesoma Kiingereza, aliuliza swali sahihi kuliko mimi niliyeshika kitabu.

Kwa hiyo nimeanza daftari lenye safu tatu: neno lenyewe, maana yake ya kawaida, na maana yake ya kihandisi ikiambatana na jinsi mafundi wanavyolisema. Hadi leo nina maneno 64, karibu yote ya ujenzi, na jioni humsomea fundi mkuu naye hunisahihisha. Upande wa mitambo ni wako, nami sitaki kuubahatisha.

Naomba msaada wako. Je, waweza kuniandikia maneno kama ishirini yanayowasumbua ninyi kwenye karakana? Mafundi wa gereji huko Dar wanasemaje chuma kinapokatika baada ya kubebeshwa mzigo uleule mara nyingi: kimechoka, au wana neno lao? Lile daftari lako la kidato cha tano bado unalo, au Doto hajalirudisha? Na ripoti yangu ya mafunzo nikikutumia kwa basi la Jumatano, utaweza kuisoma kabla ya mwisho wa mwezi? Ninakuomba hasa uangalie ukurasa wa tisa, nilipoieleza ile slabu, uniambie kama nimeandika wazi kwamba kosa la kutafsiri lilikuwa langu na si la mafundi.

Wasalaam,
rafiki yako,
Masanja