Jumamosi: tunaandaa gereji ya kujengea ndege

Habari za jioni, ndugu zangu.

Tukutane gerejini kwangu Jumamosi saa 3 asubuhi. Gari nimeshalitoa na sakafu imefagiliwa.

1. Meza ya kazi, mita 3 kwa 1. Hii ndiyo roho ya karakana. Tutaipima kwa pimamaji kila upande, maana meza ikipinda, bawa nalo litajengeka limepinda, na ndege itavutia upande mmoja angani. Hata ikitumalizia siku nzima, tusiharakishe.
2. Taa na soketi. Fundi umeme wetu, naomba ulisimamie hili.
3. Kompresa ikae kona ya mbali, kizima moto mlangoni.

Kila mmoja alete miwani ya kazi na vizuia kelele vya masikio. Mwenye tupa zilizokwisha kutumika kwenye chuma aziache nyumbani. Vumbi la chuma likiingia kwenye alumini huleta kutu. Penseli pia hapana, maana alama zake nazo huleta kutu kwenye alumini; tutachora kwa kalamu za wino.

Mabati ya alumini yanafika wiki ijayo, kwa hiyo siku haisogei. Tafadhali andika "NAKUJA" au "SIJI" kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, pamoja na kifaa unacholeta.

Asanteni sana.