Yule mama wa Khandra: barua kwa mwanangu aliye Pune, India

Kisauni, Mombasa
12 Oktoba 2025

Mwanangu Salim,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo. Mguu wa babako umepoa, na nyanyako anakuombea kila baada ya sala ya alfajiri, kisha anauliza kama huko Pune samaki wanapatikana.

Ile sauti uliyonitumia Jumanne usiku nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nakanda unga wa mahamri, nikaiacha ipite. Mara ya pili niliketi. Umesema wenzako wa bweni walikuwa wakibishana tena juu ya ile fainali ya kriketi ya Dubai, India na Pakistan, mmoja akakugeukia akakuuliza, wewe Mwislamu, uko na nani? Kabla hujajibu, mwingine akatoa simu, akaonyesha yale matusi ya Aprili aliyotukanwa mama yake Neeraj Chopra, yule mrusha mkuki wa India. Wakacheka. "Nikacheka nao, mama, ili waniache." Kisha ukahamia kwenye ada ya muhula, mbio mbio, kama ulivyokuwa utotoni ukishavunja kitu.

Ya ada babako atayajibu. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya kile kicheko.

Lakini kwanza nikwambie mimi mwenyewe nimesimama wapi, usije ukadhani mamako ana upande anaouficha. Tarehe 22 Aprili watu 26 waliuawa kwenye malisho ya Baisaran, juu ya Pahalgam, huko Kashmir. Walikuwa watalii, watu wa likizo, wengine wametoka harusini juzi. Wanaume waliulizwa dini zao, wakapigwa risasi wake zao wakitazama. Muuaji akimuuliza mtu dini kisha akamuua, na dini anayojidai kuitetea ni hii yangu, sina pa kujificha na wala sipatafuti. Mtu yeyote asikwambie kwamba baada ya hapo kuna "lakini". Awe Mhindi, awe Mpakistani, awe mzee wa baraza yetu hapa Kisauni. Hakuna lakini.

Mwezi ujao tarehe 28 itatimia miaka 23 tangu Kikambala. Wewe hukuwa umezaliwa. Ami yako alikuwa akiuza vinyago ufukweni, na asubuhi ile ya 2002 gari la mabomu lilipoingia hotelini, kina mama na vijana wa ngoma walikuwa wamesimama mlangoni wakiwapokea wageni. Waisraeli watatu walikufa, na Wakenya kumi, miongoni mwao wale wale waliokuwa wakicheza ngoma. Watalii wakatukimbia. Ami yako alikaa na vinyago vyake chini ya kitanda mpaka mchwa wakaanza kuvila. Kwa hiyo niliposikia kwamba Kashmir imefunga vituo 48 vya watalii baada ya shambulio, nilijua hasa maana yake jikoni mwa mtu. Na niliposikia kwamba mmoja wa wale 26 alikuwa mwenyeji, Mwislamu, mwongoza farasi, na kwamba walioshuhudia wanasimulia alijaribu kumpokonya muuaji bunduki, nililia. Namjua mtu huyo. Pwani hii imejaa watu wanaokula kwa mkono wa mgeni na wanaona haya mgeni akiguswa.

Serikali ya India ilipoipiga Pakistan tarehe 7 Mei, ikayaita mapigo yale Sindoor, ile rangi nyekundu anayojipaka mke wa Kihindu kwenye mpasuo wa nywele, nililielewa jina hilo kabla sijaelezwa. Wajane wa Baisaran hawajipaki tena. Dola ina haki ya kuwafuata waliowaua raia wake. Naiamini haki hiyo, na sitaibadilisha kwa kuwa waliopigwa wanaswali kama mimi. Ila zile siku nne, mpaka silaha ziliponyamaza tarehe 10, nilikupigia kila usiku ingawa nilijua Pune iko mbali na mpaka, kwa sababu nilikuwa nimesikia habari za Poonch, ule mji wa India ulio karibu na mpaka. Mizinga iliua raia pale, watoto wakiwemo. Ng'ambo ya mpaka nako walizika watoto. Hilo la watoto mimi sina hoja ya kulijibu.

Sasa kriketi. Najua unaniona mamako ni mtu wa kuonja onja mchezo kwenye runinga ya babako, lakini tumeufuatilia mchezo huu nyumbani kwetu kabla hujazaliwa. Kenya ilipoingia nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 na kukutana na India mjini Durban, kocha wetu alikuwa Mhindi, Sandeep Patil. Ganguly, nahodha wao, akatupiga mbio 111 bila kutolewa, tukalala mapema. Hatukumchukia mtu.

Tarehe 14 Septemba pale Dubai, kwenye Kombe la Asia, India walishinda wakaondoka uwanjani bila kuwapa mkono Wapakistani. Nahodha wao, Suryakumar Yadav, akasema ushindi ni wa wanajeshi na wa familia za Pahalgam. Hayo maneno nayaheshimu, angekuwa mwanangu ningemwambia ayaseme. Ule mkono ndio ulionishinda. Mwaka 1999, vita vya Kargil baina ya nchi hizi mbili vikiwa vinawaka na majeneza yakirudi vijijini, timu hizi mbili zilicheza Manchester tarehe 8 Juni, India wakashinda kwa mbio 47, na walipeana mikono. Kama majonzi ni makubwa kiasi kwamba mkono hauwezi kunyooshwa, basi mechi isichezwe, na mimi ningeiunga mkono India kwa moyo mweupe. Mechi za nchi mbili peke yao hawajacheza tangu Januari 2013, na dunia haikusimama. Lakini kucheza mara tatu ndani ya wiki mbili, matangazo yauzwe, viti vijae, halafu heshima pekee isiyogharimu shilingi ndiyo inayokatazwa, hapo naona mfiwa ameachwa nje ya hesabu.

Na Wapakistani nao sitawasaza. Mechi ya pili, tarehe 21, Sahibzada Farhan alipofikisha hamsini aliushika ule mpini wa kriketi kama mtu anayelenga bunduki. Nilizima runinga. Babako akauliza kuna nini. Watu wamepigwa risasi kwenye nyasi, wanapiga picha na wake zao, na wewe unashangilia kwa ishara ya risasi? Haris Rauf naye akawaonyesha mashabiki kwa mikono ndege zinazoanguka, zile za India ambazo Pakistan ilidai kuziangusha Mei. Kwenye fainali Tilak Varma wa India alicheza mchezo wa kiume, 69 bila kutolewa, kisha kikaja kile kisa cha kombe. India hawakutaka kulipokea kwa Mohsin Naqvi, ambaye ni mkuu wa kriketi ya Asia, mkuu wa kriketi ya Pakistan na waziri wa mambo ya ndani wa Pakistan, vyote mtu mmoja. Aliyeviweka vyeo hivyo kwenye kichwa kimoja ndiye aliyeiharibu sherehe kabla haijaanza. Vijana wakashangilia mikono mitupu. Mpaka leo naandika, kombe halijawafikia. Na juzi, tarehe 5, wasichana wa nchi hizo nao wamecheza Colombo, mikono chini vilevile.

Hayo yote nimeyatazama, yameniudhi, yamepita. Neeraj hajapita.

Unakumbuka ule ufito? Agosti 2015 Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72 Beijing akawa bingwa wa dunia, kijana wa Nandi aliyejifunza kwa kutazama video YouTube, na wewe ukiwa na miaka kumi ukachomoa ufito kwenye paa la banda la nyanyako ukaenda kuurusha uwanjani. Ulitoboa pipa la maji la jirani. Nililipa. Tangu hapo nyumba yetu ni ya mkuki, na ndiyo sababu nilimjua Neeraj siku nyingi, tangu dhahabu yake ya Tokyo 2021, na nikamjua Arshad Nadeem pia. Mmoja wa kijiji cha Khandra, karibu na Panipat, mwingine wa Mian Channu, Punjab ya Pakistan.

Tarehe 8 Agosti 2024, Paris, Arshad akarusha 92.97, rekodi ya Olimpiki. Neeraj 89.45, fedha. Waandishi wakaenda Khandra, wakamkuta Saroj Devi nyumbani kwake, wakamwekea vipaza sauti kinywani. Akasema wamefurahi na ile fedha, na huyu aliyechukua dhahabu naye ni kijana wetu. Mama yake Arshad naye, huko kwao, akasema Neeraj ni kama mwanawe na amemwombea. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Wanawake wawili wa shamba, serikali zao hazisemezani, kila mmoja amesema vile ambavyo mama yeyote angesema kama hajatishwa.

Aprili mwaka huu Neeraj alitangaza mashindano yake ya mkuki Bengaluru, akamwalika Arshad. Mialiko ilitoka kabla ya Baisaran. Watu waliposhika simu zao baada ya mauaji hawakuuliza tarehe. Wakamwita msaliti. Huyu ni mwanajeshi, Salim, ana cheo katika jeshi la India, amevaa sare kabla hajavaa medali ya Olimpiki. Kisha wakamwendea mama yake kwa yale maneno ya mwaka uliopita, yale yale waliyompigia makofi. Neeraj akalazimika kuandika kuitetea heshima ya familia yake, akaeleza kwamba ulikuwa mwaliko wa mwanariadha kwa mwanariadha. Mei alisema mambo baina yake na Arshad hayatakuwa kama zamani, na kwamba hawakuwahi kuwa marafiki wa karibu sana. Labda ni kweli. Mimi nilisikia mtu aliyechoka.

Mashindano yalifanyika Julai 5, na wa pili nyuma ya Neeraj alikuwa Yego wetu, 84.51. Ulinitumia picha ya tiketi. Ulikuwa umekaa pale, ukashangilia mpaka sauti ikakauka, na ni mtoto wa mama huyo uliyekuwa ukimshangilia.

Ndiyo maana kicheko chako kimeniuma. Wale vijana sishangai, wana uchungu na wana umri wao. Wewe ulikuwa unajua.

Sikuhukumu kwa kuogopa. Nikwambie jambo ambalo hata babako hajui. Mwishoni mwa 2013, wiki chache baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, nilipanda matatu Mtwapa nikiwa na buibui langu na kikapu. Mwanamke niliyeketi karibu naye alimvuta mtoto wake akampakata, akawa anakitazama kikapu. Gari zima likanyamaza. Mimi, bila kuulizwa na mtu, nilikifungua. Nikatoa kitambaa, nikaonyesha mahamri, nikacheka, nikamgawia yule mtoto moja. Watu wakapumua. Mpaka nashuka Bombolulu nilikuwa nacheka. Nilifika nyumbani nikaingia bafuni, na leo ni miaka kumi na miwili sijaisahau ile sauti ya kicheko changu. Nilijinunulia dakika ishirini za amani kwa kukubali kwamba kikapu changu kilistahili kukaguliwa.

Chako kimezidi changu kidogo, kwa sababu wewe hukutoa kikapu chako. Ulimtoa mama wa mwenzio.

Yule mjane wa afisa wa jeshi la wanamaji, aliyekuwa na siku sita tu za ndoa, alisimama mbele ya kamera akasema anataka haki, na hataki watu wawaandame Waislamu wala Wakashmiri. Naye akatukanwa. Yeye! Kama kuna mtu India nzima aliyekuwa na ruhusa ya kuchukia ni yule, na alikataa. Nakuomba, wakikuuliza tena uko na nani, taja Khandra, au mtaje huyu binti, kisha ukae kimya. Wakikusukuma, toka nje utembee. Wakikutisha, nipigie saa yoyote, tutakuhamishia chumba cha kupanga, pesa zitapatikana.

Kuna jambo hukunimalizia. Yule kijana wa Srinagar, Kashmir, wa chumba cha tatu, aliyekufundisha kupika wali wao na aliyefungasha usiku mwezi wa Aprili baada ya kutishwa. Ulisema kitanda chake kiko vilevile, godoro limekunjwa. Je, amerudi muhula huu? Umempigia hata mara moja? Namba unayo, uliniambia mwenyewe kwamba alikuachia vitabu.

Mtoto wa Bi Zuhura anasafiri kuja Pune mwisho wa mwezi. Nimempa halua kopo mbili na achari ya maembe. Kopo moja nimeliandikia jina lako kwa kalamu nyekundu. Lile lingine halina jina.

Wako mama